Kikohozi cha Geti

Mchezo wenyewe wanauita Wanne, na jina linatosha. Wanasimama wanne juu ya kilima, kila mmoja na baiskeli yake, gurudumu la mbele limeegemea geti la chuma linalofika magotini. Geti likilala, wote wanateremka kwa pamoja kwenye kinjia cha udongo chenye matuta ya kuruka na kona zilizoinuliwa kingo kama bakuli. Wanakwenda kiwiko kwa kiwiko, na ukiinama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka mambo yamekwisha. Wawili wa mbele wanaendelea na raundi nyingine, wawili wa nyuma wanarudi kwa mama zao. Sijaona mchezo wenye roho mbaya kama huo, na watu wa mtaa ule hawakuwa na mwingine walioupenda zaidi.

Anayeujua atakwambia kwamba Wanne unamalizwa getini. Ukiingia kona ya kwanza uko mbele, wenzako wana kazi ya kula vumbi lako hadi chini.

Sasa geti la kilima kile lilikuwa na ugonjwa. Lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa mtaani palepale, na kazi yake ilikuwa safi, lakini chuma nacho kinazeeka. Geti lilishikiliwa na bomba la upepo. Upepo ukiachiwa, geti linaanguka. Mpira wa ndani ya bomba hilo ulikuwa umechakaa, kwa hiyo kabla geti halijaanguka, upepo kidogo ulikuwa unaponyoka: koh! Halafu ndiyo linalala. Mshika geti alikuwa na maneno yake yaleyale miaka yote, "Wanne tayari? Tazameni geti!" Wageni, maskini, walitazama. Wenyeji walisikiliza. Koh, na wewe umeshaondoka. Wageni wakiuliza mbona mnatoka kama mmechomwa sindano, wanajibiwa ni usingizi mzuri tu, jamani, mlale mapema.

Hakuna aliyekuwa na sikio la kikohozi kama binti mkubwa wa fundi. Kilimani walimwita Nyundo. Tangu alipomaliza shule alikuwa karakanani kwa baba yake, anakata vyuma, anashika bamba, anachomelea milango ya watu, na mikono yake ilikuwa mikono kweli. Yeye hata macho alikuwa anafumba pale getini. Anafumba, anasikiliza, koh, anafumbua tayari yuko njiani. Mdogo wake waliyemwita Tiara alikuwa mwepesi, akipanda tuta unadhani kuna mtu amemshika kwa uzi. Dada alimfundisha kila kitu: kuinama, kuruka, kufunga mlango wa ndani kwenye kona ili mtu asipenye. Hilo la mwisho Tiara hakulishika vizuri. Alikuwa na tabia ya kuacha nafasi ndani ya kona, na Nyundo alichoka kumwambia.

Mwaka ule timu ya kiwanda kimoja cha baiskeli ilimtuma kocha wake, mwanamke mfupi mwenye kofia pana asiyejua kucheka, aje achukue msichana mmoja. Anakwenda ng'ambo msimu mzima, analala kwao, anapewa baiskeli mpya na mwalimu. Mmoja tu, atakayeshinda fainali ya kilima kile. Tena asiwe amevuka miaka ishirini na mitatu, na Nyundo ndiyo alikuwa anaimaliza. Msimu mwingine ukija, mlango umefungwa kwake. Tiara alikuwa bado na miaka mingi mbele.

Nyumbani wote walijua hivyo. Aliyelisema ni mama yao, siku moja mezani, kwa sauti ya mtu anayegawa mboga.

"Mwaka huu ni wa dada yako," alimwambia Tiara. "Wewe yako iko mbele imekaa inakusubiri. Sikilizaneni."

"Kwani nimekataa?" Tiara akajibu, mdomo umejaa.

Baba yao aliendelea kutazama sahani yake.

Msifikiri Nyundo aliichukia karakana. Aliipenda, na tatizo lilikuwa hapo. Kazi unayoipenda inakumeza bila wewe kupiga kelele. Nywele zake zilinuka chuma kilichoungua hata akiziosha mara mbili, na kila mteja aliyeingia alisema, "Fundi, huyu binti ndiye mrithi wako," na baba anacheka, na hakuna hata siku moja mtu alimgeukia yeye akamuuliza, wewe unataka nini? Alitaka kuondoka. Alitaka aondoke mara moja tu katika maisha yake, kisha kama ni kurudi arudi mwenyewe kwa miguu yake. Hilo tu. Alikuwa hata hajamwambia mtu, kwa sababu alijua angelia.

Asubuhi ya fainali alikuwa anaongoza. Raundi zote za jana yake alitoka getini kama kitu kilichotupwa, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, yeye ndiye angechagua njia kwanza. Angechukua ya ndani. Hapo ndipo mwamuzi alipomwita fundi apande kilimani: geti lilikuwa linakwama upande mmoja.

Kazi kama hiyo siku zote walikwenda wawili, baba na binti yake mkubwa. Nyundo akainuka akachukua spana.

"Keti, mama," baba yake akamwambia. "Ni bawaba tu imekaza. Leo wewe ni mkimbiaji. Mtengenezee mwenzio breki, naona zinalia."

Maneno matamu kabisa. Nyundo alihisi moyo wake umelainika, maana baba yake hakuwa mtu wa kumwambia mtu aketi. Basi akaketi chini ya kilima, baiskeli ya mdogo wake ameigeuza miguu juu, spika za mtangazaji zinapiga muziki karibu na sikio lake. Alibadilisha breki zote mbili, akanyoosha gurudumu la nyuma, akapaka mafuta mnyororo. Tiara yeye alichukua chupa ya maji akampelekea baba yao juu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Nyundo hakuwepo. Alikuwa anamfungia mtu breki.

Mchana wakaingia getini. Njia ya ndani Nyundo, ya pili Tiara, halafu mgeni mmoja mrefu, halafu mgeni mwingine mwenye glavu nyekundu. Mtangazaji hakujizuia.

"Dada na mdogo ndani ya geti moja! Leo kwa fundi chakula kitaliwa kimya kimya, wallahi!"

Watu wakacheka. Fundi alikuwa palepale, amepiga magoti kando ya geti, anafuta mikono kwa kitambaa. Aliinuka, akamwendea Nyundo, akamkazia mkanda wa helmeti ambao ulikuwa umekazwa tayari.

"Nenda salama, mama," akasema.

"Amina, baba."

Akasogea pembeni na sanduku lake.

"Wanne tayari?" mshika geti akaita. "Tazameni geti!"

Nyundo akafumba macho, akatega sikio. Kilima kizima kilinyamaza. Alisubiri. Akasikia tairi zinauma udongo, akasubiri bado, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanamwambia kwamba geti halijasema kitu. Akafumbua macho. Geti lilikuwa limelala chini kimya kama mkeka, na migongo mitatu ilikuwa inateremka mbele yake.

Loo! Ungemwona. Watu walioona wanasema hawajawahi kuona mtu akiteremka kilima kile namna ile. Hakulia, hakulaani, hakujiuliza kumetokea nini. Hayo yote aliyaweka akiba. Kona ya kwanza aliingia wa mwisho. Aliupanda ukingo wa juu kabisa, akashuka nao ndani, akatoka bega kwa bega na yule mrefu. Kwenye matuta mawili yanayofuatana, mrefu aliruka la kwanza akatua katikati, Nyundo akayaruka yote mawili kwa pamoja. Mwenye glavu nyekundu alimsikia anakuja, akageuka kutazama, na katika Wanne ukigeuka umejimaliza: gurudumu lake likala ukingo, yeye huyo chini. Mbele akabaki mtu mmoja. Mgongo mwembamba, kiuno chepesi. Mdogo wake.

Ikabaki kona ya mwisho. Na Tiara, kwa ile tabia yake, akaacha mlango wa ndani wazi.

Nyundo aliingia. Gurudumu lake la mbele lilifika sawa na pedali ya Tiara. Kumalizia ilikuwa kazi ndogo: unaegemea kwa bega, unachukua njia, aliye nje atajijua. Sheria inaruhusu. Yeyote mwingine angeegemea, na mimi nisingemlaumu. Lakini nje ya kona ile kuna nguzo za kamba ya kuzuia watazamaji, na mwaka uliopita, kwenye nguzo zilezile, Tiara alivunjika mfupa wa bega. Nyundo ndiye aliyembeba. Bado alikisikia kile kilio usiku mwingine.

Akashika breki. Kidole kimoja tu, basi. Tiara akapita mstari, dada yake yuko nyuma yake kwa urefu wa gurudumu.

Kelele, filimbi, vumbi. Yule mwanamke wa kofia pana akaja akampa Tiara mkono, akamtazama Nyundo akasema, "Wewe ulilala getini," akaondoka zake. Mama yao alishindwa afurahi au ahuzunike; alimkumbatia mmoja na mkono umemshika mwingine. Nyundo alimkumbatia mdogo wake na alimaanisha. Ilimuuma, jamani, iliuma hadi kwenye meno. Lakini ndani ya maumivu yale alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia: geti lilimponyoka kwa bahati mbaya, mbona vitu vinatokea, ila mwisho wa yote alikuwa na ushindi mkononi, na aliutoa mwenyewe. Amempa mdogo wake. Hakuna aliyemnyang'anya. Mtu anaweza kuishi na jambo kama hilo. Anaweza hata kuzeeka nalo vizuri.

Aliishi nalo mpaka jioni ile.

Walikuwa uani wanaosha baiskeli, ndoo moja kati yao, kama walivyozoea tangu utotoni. Tiara alikuwa hajaacha kuongea tangu kilimani.

"Lakini dada, kule juu ulikuwa na nini? Niliondoka nikajua uko kando yangu, nageuza jicho hupo. Nikasema huyu leo anaumwa."

"Nilikuwa nasubiri kikohozi," Nyundo akasema. "Sijui kwa nini hakikusikika."

Tiara akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wa dada yake, kicheko kikamfia mdomoni.

"Si baba alibadilisha ule mpira?"

"Mpira gani?"

"Wa bomba. Makocha wa wageni walilalamika wenyeji wanaibia geti, mwamuzi akamwambia baba, ukimaliza bawaba toa na hicho kikohozi. Mimi nilikuwepo, nilimpelekea maji. Akaniambia usisikilize, leo tazama geti." Sasa Tiara alikuwa anaongea polepole. "Mwamuzi alimwambia atuambie sisi wenyeji wote wawili. Baba akasema, haya, nitawaambia. Dada? Nilijua amekwambia. Si alikuja akakushika helmeti? Nikajua ndiyo anakwambia."

Nyundo alikuwa ameshika kitambaa chenye maji. Maji yalikuwa yanamwagikia mguuni na yeye hakuhisi. Alichohisi ni kwamba ile zawadi yake, ile aliyoitoa kwa kidole kimoja, imechukuliwa. Unampaje mtu kitu ambacho ameshapewa? Kumbe alikuwa amefunga breki bure, mbio zimeshagawanywa kule juu yeye akiwa ameinamia baiskeli ya mwenzake, anaipaka mafuta.

"Dada, wallahi sikujua," Tiara akasema, akaanza kulia.

"Najua hukujua. Osha baiskeli."

Fundi alikuwa karakanani, anapanga vyuma ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Geti la uani la mteja fulani lilikuwa limelala kwenye meza, nusu limechomelewa. Nyundo alisimama mlangoni.

"Uliniambia ni bawaba."

Baba yake hakumuuliza anazungumzia nini. Hilo peke yake lilitosha. Aliweka chini nondo aliyokuwa ameishika, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Bawaba nayo ilikuwepo," akasema.

"Baba."

"Mwanangu, yule mwenzio ni mdogo. Asingeambiwa, angebaki pale getini anashangaa. Wewe nilijua utaweza hata bila kuambiwa. Wewe una kichwa. Wewe siku zote unaweza."

"Nilifumba macho, baba. Unajua mimi nafumba macho. Ulinishika helmeti unajua nitafumba macho."

Fundi akashusha pumzi. Ni kweli, alikuwa mtu mwema, kila mtu mtaani atakwambia, na wema wake wote ulikuwa pale usoni unatafuta pa kujificha.

"Mkubwa ni jalala, mama," akasema kwa upole. "Ndivyo tulivyolelewa na sisi. Mkubwa anabeba. Ungetaka nifanyeje?"

"Ungetuambia wote wawili. Basi. Ungetuambia wote wawili, halafu kama ni kunishinda anishinde."

"Asingekushinda."

Lilimtoka kabla hajalishika. Alisimama pale akiwa na neno lake limeanguka katikati yao, hana namna ya kuliokota. Na kwa kuwa lilishatoka, akaona bora afuatishe na lililobaki, au labda alikuwa amechoka tu.

"Asingekushinda hata siku moja," akasema tena. "Ungekwenda. Yule akibaki hapa hajui hata kuwasha mashine. Na mimi macho haya yameanza kunikataa, nikichomelea mstari naona miwili. Hapa ningebaki na nani?"

Nyundo akaiokota ile nondo, akairudisha mahali pake. Angekuwa na la kujibu kama angepigwa, angekuwa nalo kama angetukanwa. Lakini anaambiwa kwamba amezuiwa kwa sababu anafaa. Tangu utotoni alijitahidi afae. Alijifunza kukata chuma ili afae, akakesha na mdogo wake alipougua ili afae, akanyoosha magurudumu ya watu wote nyumbani ili afae. Kumbe kila alichokijua kilikuwa msumari mmoja zaidi wa kumpigilia palepale. Alitamani angekuwa mvivu. Alitamani angekuwa na mikono miwili ya kushoto, angekuwa anafunga sanduku lake sasa hivi.

"Karakana hii ni yako," baba yake akasema, kwa haraka kidogo. "Nilishaamua zamani. Nitaandika jina lako kwenye kibao pale nje."

"Hiyo nayo ungempa yeye," Nyundo akasema, akatoka.

Tiara aliondoka wiki iliyofuata. Nyundo ndiye aliyemfungashia baiskeli: alitoa magurudumu, akakaza kila kilichotakiwa kukazwa, akafunga mnyororo kwa kitambaa ili usichafue nguo. Shetani alimpitia, sitadanganya. Kulikuwa na skrubu moja ya usukani ambayo aliishika muda mrefu kuliko skrubu zote. Akaikaza. Tiara alimng'ang'ania shingoni mlangoni akamwambia, "Dada, nitarudi nikuchukue," na Nyundo akampiga kofi dogo la mgongoni akamwambia afunge mlango wa ndani kwenye kona, asiwe mjinga, huko hakuna dada wa kumshikia breki. Tiara ndiyo kwanza akaelewa. Aligeuka kutaka kusema kitu, lakini gari lilikuwa linapiga honi.

Baba na binti wakarudi karakanani, maana lile geti la mteja lilikuwa bado. Fundi alivaa kioo chake, akainama juu ya meza, akapapasa pembe mbili za chuma zilizotakiwa kukutana. Macho yake yalikuwa yanahangaika kweli; hapo hakudanganya. Pembe zikateleza, zikaachana.

"Nishikie hapo, mama," akasema bila kuinua kichwa, kama alivyosema maelfu ya siku.

Nyundo alikuwa ameapa. Tangu jioni ile uani alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamshikia tena kitu. Lakini mkono ulishazoea. Ulikwenda wenyewe, ukashika pembe zile, ukazibana sawasawa, na ukatulia. Aliuchukia mkono ule.

"Namaliza hili tu," akasema. "La kesho utafute mtu."

"Haya, mama," fundi akajibu, akawasha mashine. Alivyolisema ungejua hakuamini. Na Nyundo, akiwa amefumba macho dhidi ya mwanga, akijisikiliza, hakusikia ndani yake sauti yoyote iliyomwambia kwamba baba yake amekosea.